Umri wa kustaafu unamhusu nani?

Mhariri, swali lenu la wiki limeuliza iwapo nchi ambazo wazee wake wanazidi kuongezeka zipandishe umri wa kustaafu. Japani, ambako watu wa miaka 65 na zaidi wamefika takriban asilimia 29 ya wananchi wote, swali hilo lina mahali pake, kwa sababu tangu mwaka 1961 mpango wa pensheni unawagusa wote, wakiwemo wakulima na wenye maduka. Hata hivyo, kiasi cha mzee mmoja kati ya wanne huko bado yumo kazini, na si wote waliobaki kwa hiari.

Kwetu Zanzibar, umri wa kustaafu unamhusu mwenye mshahara. Mama anayelima mwani Paje au Jambiani hatapata barua ya kustaafu. Likifika bamvua na maji yakitoka, huingia baharini na kamba zake, akainama kukaza pegi na kufunga mbegu mojamoja kwa vikamba vidogo, huku jua likimchoma mgongo, na hatimaye ni magoti yanayomstaafisha.

Ndiyo maana naitetea Pensheni Jamii, malipo ya kila mwezi ya Serikali ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa wazee waliotimiza miaka 70, awe mtu aliwahi kuajiriwa au hakuajiriwa kamwe. Wapo wanaosema kuwa kumpa kila mzee ni ufujaji, kwa kuwa wengine wana nyumba za kupangisha. Lakini fitina ya kumchagua maskini ndani ya shehia moja, yaani mtaa au kijiji, ambamo sheha, kiongozi wake, anawajua wote na wengine ni jamaa zake, naiona ni ghali zaidi.

Kasoro yake ni kiwango na umri. Shilingi 20,000 kwa mwezi zilibaki hizo hizo hadi mwaka 2023, zilipopandishwa kuwa 50,000, na kwa miaka yote hiyo bei ya mchele haikumsubiri mtu. Tena, mtumishi wa ofisini hustaafu akiwa na miaka 60, ilhali mvuvi na mkulima, waliotumia miili yao tangu ujana, wanaambiwa wangoje miaka kumi zaidi. Kabla ya kumwongezea mtumishi muda, umri wa Pensheni Jamii ushushwe hadi 65 na kiwango kipande kila mwaka kwa kufuata bei za bidhaa. Fedha zake hutoka katika bajeti ya Serikali, si katika michango ya wanachama, kwa hiyo Baraza la Wawakilishi linaweza kuifanya hesabu hiyo hadharani katika kikao cha bajeti.