Samsung A55 au Redmi Note 13 Pro+? Muulizeni aliyeumia

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Newala alinitumia ujumbe saa tano usiku. "Shikamoo kaka. Pesa ya korosho imeingia. Nina milioni moja na kidogo. Nichukue Samsung A55 au Redmi Note 13 Pro+? Nataka nianze kupiga video za sherehe kama wewe."

Nilianza kujibu, nikaacha. Hilo "kama wewe" lilinigusa pabaya. Angejua yaliyonikuta Naliendele asingeandika hivyo. Simu zote mbili nimezitumia kwa pesa yangu mwenyewe, hakuna duka lililonipa hata kava, kwa hiyo nimeona nijibu hapa wasome na wengine.

Redmi niliinunua Februari 2024, baada ya msimu, wenye sherehe zao wakiwa wamenimalizia malipo. Laki tisa na themanini taslimu, duka moja hapa Mtwara mjini. Sikuomba hata kupunguziwa, maana mle dukani kulikuwa na jamaa wawili ninaofahamiana nao na sikutaka wanisikie nikibembeleza. Boksi likafunguliwa, ikatoka chaja nene kama kipande cha sabuni ya kufulia. Wati 120. Xiaomi wenyewe, wanaoitengeneza Redmi, wanasema dakika 19 simu imejaa. Kwangu Chuno, kwa joto la Februari mnalolijua, ilikuwa kama dakika 25, na sikuwa na neno. Siku zile umeme mtaani kwetu ulikuwa mgeni wa kupita, anasalimia mlangoni na kuondoka. Nikiupata nusu saa tu, mimi nimemaliza, majirani wanahangaika na paua benki.

Nilijisikia sana na ile simu. Kamera ya megapikseli 200, kioo kimepinda pembeni, maji haiogopi. Nilipanda kivuko kwenda Msangamkuu nikaichovya baharini mbele ya watu. Kumbe ile IP68 wanayoandika, alama ya kuhimili maji, inapimwa kwa maji baridi, si ya chumvi. Siku nzima iligoma kupokea chaji, ikinionyesha alama ya unyevu, na mimi namwambia mke wangu nimeamua kuipumzisha.

Mei mwaka huohuo nilikwenda Dar na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye alikuwa anaisubiri A55, ambayo Samsung waliitangaza Machi. Akainunua Kariakoo kwa milioni moja na hamsini, na ndani ya boksi hakuna chaja. Ndiyo, hakuna. Samsung hawaweki. Nilicheka mpaka mwenye duka akacheka.

Tukarudi kwa basi, na ndipo kimbunga Hidaya kikatukuta njiani. Waliokuwa barabarani wiki ile wanakumbuka: maji yalikata barabara eneo la Somanga, mabasi yakapangana, watu wakalala kwenye viti. Mama ntilie mmoja alikuwa na kijenereta. Petroli ilikuwa inamwishia, kwa hiyo anakiwasha jioni nusu saa tu, simu moja shilingi mia tano. Nusu saa ilipokwisha Redmi yangu ilikuwa imejaa. A55 ya shemeji, kwa chaja ya kuazima, ilikuwa asilimia thelathini na kitu. Hata angekuwa na chaja nzuri isingemsaidia sana, maana A55 mwisho wake ni wati 25, na kujaa inataka karibu saa moja na nusu.

Yule mama akaitazama chaja yangu, akasema, "Baba, hicho kidude chako ndicho kinachoninywea petroli. Wewe toa elfu moja."

Nikatoa huku natabasamu. Na nilimsema shemeji kuanzia pale mpaka tunaingia Mtwara. Natamani nisingemsema.

Kuhusu kasi sitawachosha, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopigania kitu kidogo. A55 ina Exynos 1480, Redmi ina Dimensity 7200 Ultra, zote chipu za nanomita 4. Nimekata video kwa CapCut, programu ya kuhariri, kwenye zote mbili na mteja hakuwahi kuniambia "hii imekatwa na Dimensity." Mchana wa Novemba chini ya turubai zote zinachemka mkononi. Kamera za nyuma zote zinachukua 4K, video ya ubora wa juu, kwa fremu 30 tu kwa sekunde. Tofauti niliyoiona iko mbele: kamera ya selfi ya A55 inafika 4K, ya Redmi haifiki. Kama unajirekodi ukiongea, hiyo ni pesa.

Betri nazo kwenye makaratasi ni sare, mAh 5,000 kila moja. Mkononi kwangu si sare. Redmi ilikuwa inaomba chaji magharibi. A55 nikianza nayo asubuhi inanifikisha saa mbili usiku ikiwa na asilimia ishirini hivi, kazi zilezile na laini zilezile. Kwa hiyo moja inakaa, nyingine inawahi kujaa. Jiulize wewe unakaa wapi na umeme wako ukoje.

Sasa Naliendele.

Desemba 2024 nilipewa kazi ya kumtoa mwali. Ile siku ya wazi, watu wote wanaona; ya ndani ya unyago hayatuhusu sisi wenye kamera, na anayeyapiga hana adabu. Mjomba wa binti ndiye aliyekuwa msimamizi wa shughuli, akanilipa nusu, nusu nyingine baada ya kazi. Nikaanza kurekodi asubuhi, 4K, kwa sababu nilishamtambia kuwa napiga 4K.

Dakika moja ya 4K inakula kama MB 350. Saa tano ni zaidi ya GB 100. Simu yangu ilikuwa ya GB 256, nikajiona nina ghala. Lakini ndani kulikuwa na harusi mbili ambazo sikuzifuta, kwa kuwa wenyewe hawajanimalizia pesa na mimi nilizishikilia kama dhamana. Wapiga picha mnanielewa. Na Redmi Note 13 Pro+ haina sehemu ya memori kadi. Haina kabisa.

Mwali anatoka, ngoma imepanda, shangazi zake wanakimbia na noti kumtunza, na kioo kinaniandikia kwamba hifadhi imejaa. Nikaanza kufuta huku natembea kinyumenyume. Mikono ina jasho. Simu ikachomoka, ikatua kwenye ukingo wa kinu. Kioo kilichopinda kikipigwa pembeni hakina cha kukikinga: kava halifiki pale, na ile protekta ya gundi ya kumulika taa niliyobandikiwa ikapasuka pamoja nacho. Upande wa kulia ukafa, haugusiki. Kitufe cha kurekodi nakiona, hakinisikii.

Shemeji alikuwepo kama mwalikwa, sahani ya pilau mapajani. Akaiweka chini, akatoa A55 yake yenye memori kadi ya GB 128, akarekodi yote mpaka mwisho. Nilidhani ananisaidia. Jioni nikasikia amempelekea mjomba video moja kwa moja, na nusu ya malipo iliyobaki ikaenda kwake. Na kazi ya pili ya ukoo ule, Januari, akapewa yeye. Alinunua simu ile kwa ajili ya kuangalia mpira! Hatujalizungumza mpaka leo. Tunakula sahani moja Idi, tunaulizana habari za watoto, basi.

Fundi wangu akasema kioo cha Redmi hana, kiagizwe Dar, laki tatu na nusu na kufunga. Nikamuuliza cha A55. Akafungua droo, kilikuwepo. Nacho si bei ya karanga, ila kilikuwepo, na hiyo ni tofauti kubwa ukiwa umbali wa zaidi ya kilomita 500 kutoka Kariakoo. Na kwa kuwa kioo cha A55 ni bapa, protekta ya elfu tano inakaa vizuri.

Machi 2025 nikameza mate, nikanunua A55. Nilisubiri mwezi huo makusudi, kwa kuwa A56 ilikuwa imetangazwa na niliona bei ya A55 inalegea. Nikaipata kwa laki tisa na arobaini, ya GB 256. Wapo walionicheka kwamba nachukua ya zamani. A56 kweli imekuja na chaji ya wati 45, lakini wameondoa sehemu ya memori kadi. Mimi tena? Sirudi huko.

Hata hivyo A55 nayo ina mtego, na hakuna aliyenionya. Ile sehemu ya pili ni ama laini ya pili ama memori kadi, si vyote viwili. Wengi wetu tuna laini mbili, moja ya watu na moja ya pesa. Nilipoweka kadi, laini ya pesa ikabaki nje, na mteja wa Mikindani akatuma adivansi kwenye namba iliyokuwa kwenye droo ya kabati. Sasa natembea na kitochi mfukoni, kile kisimu kidogo cha vitufe, kwa ajili ya laini hiyo. Mke wangu anasema naonekana kama dalali.

Jingine ni umri. A55 iliahidiwa matoleo manne ya Android na miaka mitano ya masasisho ya usalama, maana yake hadi 2029. Redmi matoleo matatu na miaka minne. Ukigawa bei kwa miaka, ile iliyoonekana ghali inashuka. Na ukitaka kuiuza hapa Mtwara, Samsung haikulazi. Redmi utaieleza kwanza, halafu utaipunguza.

Vijana wenzangu, niwaseme kidogo, maana wa kuwasema hayupo. Mnanunua simu kwa ajili ya watu waliopo dukani. Mimi nilifanya hivyo, ndiyo maana nawajua. Pesa ya korosho ikiingia mtu anakimbilia megapikseli 200, halafu video anaipeleka WhatsApp inakobanwa mpaka sura haijulikani. Angalia kazi yako. Angalia nafasi ya kuhifadhia. Futa video za zamani, hata kama mtu anakudai au unamdai, zihamishie kwenye kompyuta usiku uleule. Na memori kadi. Narudia, memori kadi.

Kabla hujatoa pesa bonyeza *#06#, chukua zile namba za utambulisho wa simu, zitume kwa ujumbe kwenda 15090 uone jina la simu linalorudi kama ndilo lililoandikwa kwenye boksi. Mwenye duka akinuna, toka. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima na nilikuwa mmoja wa walioamka na kipande cha plastiki. Hiyo nayo niliinunua kwa haraka, mbele ya watu.

Kwa anayeishi sehemu yenye umeme wa kubahatisha, anayepiga picha zaidi kuliko video ndefu, na asiyeangusha vitu, Redmi ni simu tamu na sitamdanganya. Ile nusu saa ya Somanga haikuwa ndoto. Mpaka sasa ninayo, ilishawekwa kioo, mke wangu anaitumia, na chaja yake naionea wivu kila siku.

Wewe wa Newala, kwa kazi unayoitaka, chukua A55. Inayobaki nunua chaja halisi ya wati 25, memori kadi, na stendi, usitembee kinyumenyume kwenye vinu vya watu. Ukija Mtwara nipigie twende dukani pamoja, uje na laini zako zote mbili. Piga ile ya kitochi.