Kabla ya kumpiga elki, piga hesabu ya mgongo wako

Ikifika Agosti simu yangu haitulii. Ni Waswahili wenzangu wa Denver na Aurora, huku Colorado, Marekani. Wameiona ile picha niliyopiga nimechuchumaa pembeni ya elki, sasa wanataka kujua wanunue bunduki gani. Nawajibu wote swali kwa swali: ukitwishwa mfuko wa mchele wa kilo ishirini na tano, unaweza kupanda nao mlima kwa muda wa saa tatu, gizani, halafu ukarudi kuchukua mwingine? Wengine hucheka. Mmoja alikata simu.

Mimi ni mtoto wa Inyonga, Katavi. Baba alikuwa mchunaji kwenye kambi za uwindaji wa kitalii, na likizo za shule nilikuwa namfuata huko. Nilimjua mwindaji kuwa ni mzungu anayeshuka kwenye ndege ndogo, anaonyeshwa mnyama, anapiga, anapigwa picha, anarudi kambini kuoga maji ya moto. Nyuma yake kuna dereva, mfuatilia nyayo, askari wa wanyamapori, wabebaji, wachunaji na mpishi. Nilipohamia Colorado nikasikia kwamba hapa hata dereva wa lori anakata leseni na kwenda kuwinda msitu wa serikali, nikajiona nimefika nyumbani. Hakuna aliyenifafanulia kwamba huku mwindaji, mbebaji, mchunaji na mpishi ni mtu huyo huyo mmoja, na Jumatatu alfajiri anatakiwa kazini.

Kwa ambaye hajamwona: elki ni mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, wale wenye pembe za matawi zinazoanguka na kuota upya kila mwaka. Jike ana kilo mia mbili na ushee, yaani mzito kama nyumbu. Dume anapita mia tatu. Jina lake jingine ni wapiti, neno la Washawnee linalotaja weupe wa makalio yake, na kweli mara nyingi hayo makalio ndiyo utakayoyaona, yakikimbia. Mwezi wa Septemba madume wanapotafuta majike hulia kwa sauti nyembamba ya kupanda, kama mtu anayepiga mluzi ndani ya chupa. Mara ya kwanza kuisikia niligeuka nyuma nikidhani kuna watoto porini.

Makaratasi nitayapitia haraka maana yanabadilika, na kitabu cha kanuni cha Colorado Parks and Wildlife, idara ya wanyamapori ya jimbo, kinatolewa bure kila mwaka. Ukiwa umezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada ya hapo, lazima uwe na cheti cha kozi ya usalama wa uwindaji. Ukiwa umeishi jimboni miezi sita mfululizo unalipa bei ya mkazi, ambayo haifiki dola 100, wakati mtu wa nje analipa mamia ya dola kwa elki. Vibali vya majike vingi hutolewa kwa bahati nasibu, na maombi hufungwa mapema Aprili, wakati ambao wengi wetu hata hatuwazi habari za kuwinda. Kuna na habari ya bunduki. Kama una green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, sheria ya taifa haikukatazi kuimiliki. Kama uko kwa viza ya masomo au ya matembezi, ndugu yangu, usiishike hata ya kuazima kabla hujaonana na mwanasheria wa uhamiaji. Hilo silo la kuuliza kwenye kundi la WhatsApp.

Porini utavaa chungwa la kuwaka, fulana na kofia, kila anayebeba bunduki. Tangu 2016 pinki ya kuwaka nayo inaruhusiwa. Rafiki yangu wa Uvira, ambaye ndiye mwenzangu wa msituni, anavaa pinki na hajali anayecheka.

Mwaka wa kwanza hatukupata kitu, na kosa lilikuwa langu. Tulitoka Denver Ijumaa baada ya kazi, tukashika barabara ya 70 kuelekea magharibi, tukapita mji unaoitwa Rifle, ndiyo, mji unaitwa bunduki, tukakata kaskazini hadi Meeker. Usiku huo huo tukapanda kwenye milima ya Flat Tops na kupiga hema karibu mita 3,000. Denver yenyewe iko mita 1,600 na nikadhani mwili umeshazoea. Saa nane usiku kichwa kilikuwa kinagonga kama kinu. Asubuhi nikatapika chai. Siku mbili nilizoombea ruhusa kazini nilizimaliza ndani ya hema, huku mwenzangu akinitazama kwa huruma ya mtu aliyelipa nusu ya petroli. Sasa hivi tunalala usiku mmoja au miwili chini kabisa bondeni kabla ya kupanda, tunakunywa maji hata bila kiu, na tumekubaliana kwamba maumivu ya kichwa yasipotulia mtu anateremka, hakuna ushujaa.

Mwaka wa pili tulijifunza upepo. Macho ya elki unaweza kuyadanganya, masikio pia ukiwa na bahati, lakini pua yake haidanganyiki. Na mlimani upepo haukai mahali pamoja. Usiku na alfajiri hewa baridi huteremka mabondeni kama maji. Jua likishachoma miteremko, tuseme saa tatu au nne asubuhi, inageuka na kupanda. Jioni inateremka tena. Kwa hiyo ile njia uliyopita vizuri alfajiri, saa nne inapeleka jasho lako moja kwa moja kwa wanyama waliolala juu. Mimi nina kichupa kidogo cha poda ya mtoto mfukoni. Nakiminya kila baada ya dakika chache na kutazama ule moshi mweupe unakoelekea. Ukielekea nilikokusudia kwenda, nazunguka, hata kama kuzunguka ni saa nzima. Mchana wenyewe wanalala kwenye msitu mzito wa misonobari, miteremko inayoelekea kaskazini ambako jua halifiki. Alfajiri na jioni wanatoka kwenye uwazi kula majani. Ukiyajua hayo mawili, upepo na ratiba yao, umeshawapita wengi. Hata hivyo, katika jimbo hili wawindaji kama wanne kati ya watano hurudi mikono mitupu, kwa hiyo usimwahidi mtu nyama.

Mwaka wa tatu nilikuwa na kibali cha jike, mwisho wa Oktoba, kipindi cha pili cha msimu wa kuwinda kwa bunduki. Siku zilikuwa za joto isivyo kawaida, theluji hakuna. Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni majike sita yakatoka kwenye miti upande wa pili wa korongo. Tulikuwa tumekaa juu. Yakashuka hadi chini yetu kabisa, kwenye mteremko karibu na sakafu ya korongo, mita kama 180 kwa kipimo. Nikalaza bunduki juu ya begi, nikasema Bismillahi Allahu Akbar, kama ustadhi wetu alivyonielekeza niseme kabla ya kufyatua na si baada, nikapiga. Akatembea hatua nne, akaanguka.

Tukakumbatiana. Kisha yule mwenzangu akachungulia korongoni, akanigeukia taratibu. "Kaka, hii yote ni sisi wawili tu tutabeba?"

Gari lilikuwa kilomita mbili nyuma yetu. Kuteremka hadi kwa mnyama kulituchukua dakika hamsini, kwa kushikilia vichaka. Tulipofika giza limeingia, tukawasha tochi za kichwani. Jike mmoja wa elki, ukishamtoa mifupa yote, anakupa kilo sabini hivi za nyama safi. Hesabu hiyo nilikuwa naijua kichwani. Mgongoni nilikuwa siijui.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mtoto wa mchunaji hakupaswa kulifanya. Tulimchuna upande wa juu, tukatoa mkono na paja, tukatoa sarara. Saa nne usiku tulikuwa tumechoka, baridi imeanza kuuma, na kumgeuza mnyama yule kwenye mteremko kulitushinda mara mbili. Nikasema, tumwache hivyo, usiku ni baridi, upande wa chini tutaumalizia kesho. Tukatundika nyama kwenye mti ndani ya mifuko ya kitambaa, tukapanda na mzigo wa kwanza. Tulifika kwenye gari saa nane.

Baba alikuwa na msemo wake: nyama ikilala na ngozi, imelala na moto. Nimeusikia mara mia. Asubuhi tuliporudi, mgongo wa juu ulikuwa baridi kama jiwe, nikafurahi. Tukamgeuza. Nikapitisha kisu kwenye paja la chini hadi kwenye fundo la nyonga, nikaingiza vidole kutafuta kiungo, vikakutana na uvuguvugu. Muda wa saa kumi na mbili tangu afe, bado kuna uvuguvugu. Halafu ikaja harufu, si ya kuoza hasa, ni chachu, kama maziwa yaliyosahaulika kwenye gari. Nyama iliyozunguka mfupa ilikuwa na ukijani wa kijivu. Ngozi juu, ardhi chini, paja nene katikati: joto halikuwa na pa kutokea. Tulikata na kutupa zaidi ya nusu ya paja lile. Mwenzangu hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Kwa hiyo sikiliza. Mnyama akianguka, usipige picha kwanza. Hakikisha amekufa, jaza na utie saini karatasi ya kibali kama sheria inavyotaka, kisha ngozi itoke, yote, pande zote mbili, usiku huo huo. Kama huwezi kumgeuza mzima, toa mkono na paja la juu, atakuwa mwepesi, mgeuze, toa ya chini. Si lazima upasue tumbo ili kufanya hivyo. Ukishindwa hata hapo, angalau pasua paja mpaka mfupani ili hewa iingie. Tundika nyama kivulini ndani ya mifuko inayopitisha hewa. Plastiki hapana, inatunza joto. Visu chukua viwili, maana unywele wa elki una vumbi na hula makali upesi. Na kabla ya hayo yote, kabla hujagusa kifyatulio, tazama aliposimama na ujiulize atatokaje pale. Tangu siku ile nimewaacha elki wawili waende zao kwa sababu tu ya mahali waliposimama. Rafiki zangu wananiona mwoga.

Tulipofika juu na mzigo wa mwisho, afisa wa wanyamapori alikuwa ameegesha karibu na gari letu. Mtu mpole, akauliza leseni, akataka kuona kibali, akataka kuona alama ya jinsia, maana lazima sehemu ya kiwele au ya uzazi ibaki imeshikamana na nyama yenyewe hadi ufike, ili ijulikane ulipiga ulichoruhusiwa. Mwenzangu alikuwa amekaza mikono kwenye usukani kana kwamba tumeiba. Nilimwambia baadaye kwamba ukali huu una historia. Mwanzoni mwa karne iliyopita elki wa Colorado walikuwa wamepigwa kwa ajili ya soko mpaka wakabaki mia kadhaa tu. Wale unaowaona leo wengi ni uzao wa wanyama walioletwa kutoka Wyoming miaka ya 1910 na 1920. Sasa ni zaidi ya 250,000, na hakuna jimbo jingine wala nchi nyingine yenye wengi kiasi hicho. Ndiyo maana pia ukimuuzia mtu kilo tano za nyama hiyo umevunja sheria, hata akiwa shemeji yako. Kugawa ruhusa, ila andika karatasi yenye jina lako na namba ya leseni aende nayo.

Na upeleke kichwa kikapimwe ugonjwa wa CWD, ule unaokondesha jamii ya kulungu na kuharibu ubongo wao. Haijathibitika kuwa umewahi kumpata binadamu, lakini wataalamu wanashauri mnyama aliyekutwa nao asiliwe. Mimi nyama yote inakaa kwenye friza, imeandikwa tarehe, haipikwi mpaka majibu yatoke. Mke wangu ndiye aliyeweka sharti hilo na hana mjadala.

Kuhusu kupika sina mengi. Haina mafuta ndani, na yale ya nje yaondoe yote kwani yanaganda mdomoni kama nta ya mshumaa. Sarara isiive sana. Mkono upike taratibu na nazi, tangawizi na ndimu, saa tatu, na hakuna mgeni atakayejua si ng'ombe mpaka umwambie.

Mwaka huu nimeomba tena kibali cha jike. Tangu Mei, kila baada ya Isha, natia mfuko wa mchele wa kilo ishirini na tano kwenye begi la mgongoni na kupanda ngazi za jengo letu, ghorofa ya kwanza hadi ya saba, mara nne. Bibi mmoja wa ghorofa ya tano alifungua mlango juzi, akanitazama ninavyohema, akaniuliza kama lifti imeharibika tena.