Picha ya darasa iliyokatika katikati

Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka kazi kwa mchapaji, mwalimu mkuu alinipigia simu: ameandika ukurasa mmoja wa shukrani, naomba uingie baada ya ule wa 8. Kilikuwa kijitabu cha mahafali, kurasa 64. Nikauingiza, nikafuta ukurasa mtupu wa mwisho ili hesabu ibaki ileile, nikalala.

Nakala 300 ziliporudi nilikimbilia katikati, kwenye picha ya darasa zima niliyoitandaza ukurasa wa 32 na 33, kila nusu upande wake. Nusu ya wanafunzi walikuwa kulia. Wenzao mpaka ufunue karatasi, uwakute nyuma yake. Kuna binti alibaki na mkono begani, mwenye mkono haonekani.

Kitabu cha hati ya Kilatini huanza ukurasa wa 1 upande wa kulia. Kuanzia hapo witiri zote ziko kulia na shufwa kushoto, hadi mwisho. Kwa hiyo 32 na 33 zinatazamana, lakini 33 na 34 ni pande mbili za karatasi moja. Ukichomeka ukurasa mmoja, vyote vilivyo mbele yake vinahama upande. Siku hizi nikiletewa ukurasa wa dakika za mwisho, natafuta wa kuutoa palepale jirani, kabla uhamaji haujafika mbali. Kuongeza kurasa mbili hakuhamishi upande, ila kijitabu cha kupigwa pini hutaka kurasa zinazogawanyika kwa 4, kwa hiyo hesabu upya.

Kosa langu la pili lilikuwa namba. Nilikuwa nimeziandika moja moja kwenye pembe za nje. Baada ya kuhama, zikaangukia mgongoni, pale karatasi zinapokunjwa, na Yaliyomo yakawa yanampeleka msomaji kusikohusika. Tafadhali, usiandike namba kwa mkono. Kwenye InDesign, programu ya kupanga kurasa, nenda ukurasa mama, yaani kiolezo ambacho kilichomo hujitokeza kwenye kurasa zinazokifuata, chora kisanduku cha maandishi pembe ya nje kushoto na kingine pembe ya nje kulia, weka kasa (kile kistari cha kuandikia kinachomweta) ndani, kisha bonyeza Ctrl+Alt+Shift+N. Itatokea herufi A. Usishtuke, hilo ni jina la ukurasa mama wenyewe. Kwenye kurasa za kawaida utaona namba halisi, na zitajirekebisha kila unapoongeza au kupunguza. Pambizo ya ndani iachie nafasi zaidi ya ile ya nje, maneno yasimezwe na mgongo.

Ukitumia namba za Kirumi kwa dibaji, jumla yake iwe shufwa. Ikiishia iii, acha iv iwe tupu, ili ukurasa wa 1 wa sura ya kwanza uangukie kulia panapostahili. Kazi za madrasa zilizo kwa Kiarabu ni kinyume: kitabu hufunguliwa kutoka kulia na ukurasa wa 1 huwa kushoto. Amua hilo kabla hujaweka neno hata moja.

Na PDF ya mchapaji itoe ukurasa mmoja mmoja, usiibane mbilimbili. Ukitaka kuelewa kwa nini, chukua karatasi mbili za A4, zikunje katikati, ingiza moja ndani ya nyingine, andika namba 1 hadi 8 kwa kalamu, kisha zitenganishe. Utakuta 8 iko pamoja na 1, na 2 pamoja na 7. Kila jozi jumla yake ni 9. Kwenye kijitabu changu jumla ingekuwa 65. Kazi ya kupanga jozi hizo ni ya mchapaji, na mashine yake inajua. Ukimpa 2 na 3 zikiwa zimeshikana, itabidi azitenganishe kwanza.

Ile picha niliichapa upya kwa fedha yangu, karatasi moja kubwa isiyokunjwa, nikaipeleka shuleni nakala 300.