Nyumbani amebaki nani? Kwa madaktari na wauguzi wapya wa Dodoma

Wadogo zangu mnaoripoti kazini huku mwaka huu, madaktari, matabibu na wauguzi, poleni na safari na karibuni sana. Nimeombwa niwaandikie machache kuhusu kazi ya huku. Nimeona niwaeleze alivyofanya kazi mzee wetu, daktari mstaafu tuliyemzika hivi karibuni, kwa sababu mengi yanayonifaa wodini mpaka leo niliyapata kwake.

Mzee alikuwa na swali ambalo kila mgonjwa wake aliulizwa, baada ya salamu na kabla ya kupimwa presha: "Nyumbani amebaki nani?" Jibu aliliandika chini ya faili, kwa mwandiko wake mdogo uliolalia kulia: "Watoto 4, mkubwa ana miaka 9. Mume yuko machimboni. Mbuzi kwa jirani." Sisi tuliokuwa wageni tulidhani ni upole wake tu. Upole ulikuwepo, tena mwingi, lakini swali lile lilikuwa sehemu ya matibabu, na ndilo ninalotaka mlichukue.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na mvua yenyewe ni ya kubahatisha. Mama mwenye nimonia ukimlaza Januari, nyuma yake shamba la uwele linaliwa na magugu, na chakula cha mwaka mzima kinakwenda nalo. Ndiyo maana asubuhi mtakuta kitanda kitupu. Kwenye kitabu cha wodi wataandika "ametoroka", na mtasikia watu wakisema wagonjwa wa vijijini ni wabishi. Mzee hakupenda kabisa maneno hayo. Akishajua kwamba nyumbani wamebaki watoto peke yao, alianza kupanga siku ileile: ndugu gani aitwe akae nao, lini mgonjwa anaweza kutolewa kwenye sindano akapewa vidonge, na kama dozi iliyobaki inaweza kumalizikia zahanati ya kijijini kwao. Kisha alimpigia simu muuguzi wa zahanati hiyo yeye mwenyewe. Wagonjwa wake walimaliza dozi.

Mkipangiwa Kongwa mtakutana na trakoma, ambayo wenyeji wengi wanaiita vikope. Watafiti wamekuwa wakiifuatilia wilayani humo tangu miaka ya 1980. Bakteria wake hupita kwenye vidole, vitambaa na nzi wanaotua kwenye macho yenye tongotongo. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kope la juu linapata makovu upande wa ndani, na baada ya miaka mingi nywele za kope hugeuka na kukwaruza mboni. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, maana wao ndio wanaoshinda na watoto. Sasa mtoto mmoja akiletwa, ukampa dawa yeye peke yake ukamrudisha kwenye mkeka anaolala na wadogo zake watatu, umefanya nini? Mzee aliuliza analala na nani, na wote wakatibiwa.

Kuhusu kunawa uso, mama atakwambia maji yako mbali, na anasema kweli. Mzee hakubishana naye. Alichukua maji nusu kikombe, akamimina kidogo kidogo kwenye kiganja, akamnawisha mtoto macho na pua mpaka tongotongo na makamasi yakaisha, halafu akampa mama kikombe aone maji yaliyobaki. Nimewaona akina mama wengi wakichungulia kile kikombe na kunyamaza. Fanyeni hivyo hivyo. Inachukua dakika mbili na inashinda bango lolote la ukutani.

Kuna jambo jingine linalonifanya niliheshimu swali lile. Mwaka 2016 watu wa Chemba na Kondoa walianza kuugua: macho ya njano, kutapika, tumbo kujaa maji, na baadhi yao wakafariki. Ikaja kubainika ni sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, kwenye mahindi. Ugonjwa wa namna hii hufuata kaya, kwa sababu wote wanakula kutoka ghala moja, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika ugali. Ukimtazama mgonjwa mmoja kitandani utaona ini limeharibika, basi. Ukiuliza nyumbani wamebaki nani na hali zao zikoje, ndipo unaposikia kwamba mdogo wake naye ana macho ya njano. Hapo uliza mahindi yalikaushwa wapi, chini kwenye udongo au juu ya turubai, na toa taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya siku hiyohiyo.

Homa pia msiikimbilie kuiita malaria. Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo nchini, kwa hiyo kipimo kikiwa hasi endelea kutafuta. Na jifunzeni salamu za watu mnaowahudumia: Wagogo, Warangi wa Kondoa, Wasandawe wa Chemba. Mkihitaji mkalimani, mtafuteni mtu mzima. Mtoto wa mgonjwa asitumwe kutafsiri maradhi ya mama yake.

Naamini Mzee aliweza kuuliza habari za nyumbani kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtu wa nyumbani. Mchana alikula na mkewe, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Usiku wa zamu watoto walimletea chakula kwenye hotpoti, wakakaa naye kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, na huyo mdogo akafanyia hesabu zake pale pale. Alipostaafu wajukuu wakachukua nafasi. Msibani kila mwanawe aliposimama alisema baba alikuwepo. Ninyi mliokulia kwenye nyumba za madaktari mnajua maneno hayo yana uzito gani.

Hakuupata muda huo kwa kukwepa kazi. Alikabidhi zamu kitanda kwa kitanda, faili mkononi, pamoja na ile habari ya chini ya faili, hata aliyepokea hakuwa na sababu ya kumpigia simu usiku. Kabidhini hivyo, halafu mwende kwenu bila kujilaumu. Na mwenye mtoto mchanga au mzazi anayeumwa amwambie mganga mfawidhi, msimamizi wa kituo, kabla ratiba ya zamu haijabandikwa. Ikishabandikwa, kubadilishana ni kuombana na wenzako mmoja mmoja, na wao pia wana watu wanaowasubiri.