Jiwe la figo halianzii kwenye birika

Hapa Dodoma kila mtu ana maelezo yake kuhusu mawe ya figo, na mengi yanaishia kwenye maji ya kisima. Nilipougua, jirani yangu alinifunulia birika lake lenye ukoko mweupe: "Si unaona, mama? Ndiyo hayo hayo uliyonayo." Lakini ukoko wa birika kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Jiwe langu lilipopimwa maabara lilikuwa kalsiamu oksaleti, yaani kalsiamu iliyoungana na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya vyakula, kama yalivyo mawe mengi.

Linavyoanza, kusema kweli, kunanishangaza hadi leo. Kwa wagonjwa wengi chanzo kiko ndani ya nyama ya figo yenyewe, kwenye zile ncha ambako mkojo hudondokea. Chembe za kalsiamu fosfeti hujikusanya kwenye kuta za vijirija vyembamba mno, zikasambaa chini ya utando wa ncha na kufanya baka jeupe. Daktari Mmarekani, Alexander Randall, aliyaeleza mabaka hayo mwaka 1937 baada ya kuchunguza figo za maiti. Utando ukibanduka, baka linakutana na mkojo. Mkojo ukiwa mzito, kalsiamu na oksaleti huganda juu yake, tabaka kwa tabaka. Wakati wote huo unaweza usisikie chochote. Yale maumivu ya kujigaragaza chini huja jiwe likishachomoka na kuziba mrija unaotoa mkojo kwenye figo kwenda kibofuni.

Ndiyo maana nasema maji yanywewe ukiwa mzima. Jua la hapa mwezi wa kumi mnalijua: jasho linakauka kabla hujaliona, na mkojo unatoka kidogo, umekolea kama chai ya rangi. Lengo ni kukojoa walau lita 2.5 kwa siku. (Mwenye ugonjwa wa moyo au figo zilizodhoofika amuulize daktari kwanza.)

Chumvi punguza, maana inaongeza kalsiamu kwenye mkojo. Maziwa usiyaache! Wengi wakisikia "kalsiamu" wanayakimbia, kumbe kalsiamu ya chakula hushika oksaleti tumboni ikatoka nayo chooni. Mchicha na karanga vina oksaleti nyingi, kwa hiyo mchicha wa karanga mimi nakula kwa nadra, na mtindi pembeni. Ndimu nayo husaidia, kwa kuwa ina sitreti inayozuia chembe zisishikamane.

Ila maumivu ya ubavu yakija na homa na kutetemeka, achana na ndimu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mrija ulioziba ukipata maambukizi unaweza kuua.