Ekzosi ya juu au ya chini?

SWALI: Fundi, shikamoo. Trekta langu, Massey Ferguson 135, ekzosi yake ya chini imeoza kwa kutu. Nirudishe ya chini au nipandishe ya juu? Nalima mahindi. – Msomaji, Babati

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pandisha juu. Ya chini inafaa mashamba ya miti, isikwame matawini. Kwako itapita karibu na mabua makavu na inaweza kuyawasha moto. Mimi nimewahi kuzima moto wa namna hiyo kwa koti langu. Bomba lizidi kichwa cha dereva. Sailensa usiitoe hata kidogo: injini ile ya Perkins ya silinda 3 itakuharibu masikio. Na mdomoni mwa bomba weka kifuniko cha bawaba, maana maji ya mvua hushuka hadi kwenye valvu. Gasketi, ile ya kuziba maungio ya ekzosi na injini, nunua mpya.