Nanunua kwa mmoja, nafungia kwa mwingine

Swali lenu la wiki hii, "Matairi ya gari yakiisha, unanunua wapi na unafungia wapi?", limenikuta nimeshalijibu kwa fedha zangu mwenyewe, tena mara mbili. Nanunua Kariakoo, upande wa Gerezani, kwa muuzaji atakayekubali nitoe tairi nje juani nilisome kabla hajaona pesa. Kufunga nampelekea fundi mwenye mashine ambaye hauzi tairi hata moja. Najua wengi watashauri kinyume. Mume wangu ni mmoja wao.

Nami zamani nilikuwa upande wao. Mwaka 2022 nilikwenda kwenye duka moja lenye bango la "kufunga bure, balansi bure". Gari langu ni Toyota IST ya 2004, linavaa 175/65R14, saizi ambayo hapa Dar ukiitaja tu muuzaji ameshanyanyuka kitini. Nikaonyeshwa tairi moja, bado lina vinyweleo vyake vya mpira na stika yake ya rangi, nikalipia manne. Nikakaribishwa ndani kwenye kiyoyozi, soda ya baridi mkononi, tamthilia ya Kituruki kwenye televisheni. Sikutoka nje hata mara moja. Nilipoitwa, gari limeshafungwa na matairi yamepakwa dawa yanang'aa kama viatu vya sikukuu. Nikaondoka nikijiona mjanja.

Wiki ya tano nikaokota msumari Kimara. Fundi wa pancha pale kijiweni akalivua tairi la nyuma kushoto, akalilaza chini, akamwagia maji ya sabuni atafute tundu. Kabla hajaufikia msumari, kidole chake kikasimama kwenye ubavu wa ndani.

"Dada, hizi umefunga lini?"

"Mwezi uliopita. Mpya."

"Mpya?" Akafuta tope kwa kitambaa chake, akanisogezea. Mwisho wa mlolongo wa herufi unaoanza na DOT kulikuwa na kijisanduku chenye tarakimu nne: 0816.

Kwa ambaye hajawahi kuzisoma, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi langu "jipya" lilitoka kiwandani wiki ya 8 ya mwaka 2016. Tukazunguka gari lote. Ya mbele yote mawili ni ya 2021, ndugu wa lile nililoonyeshwa dukani. La nyuma kulia, 0816 tena. Na ujanja wenyewe ulikuwa hapa: matairi mengi huandikwa tarehe upande mmoja tu. Ya mbele yalifungwa tarehe ikitazama nje, ningeisoma hata nikiwa nimesimama. Ya nyuma ilitazama ndani, chini ya gari, mahali ambapo mtu anayetoka ofisini haingizi kichwa. Kama si ule msumari, mpaka leo ningekuwa nayo.

Nilirudi dukani. Nikaambiwa, kwa adabu sana, kwamba tairi ambalo halijatembea halizeeki, na nisikubali mafundi wa barabarani wanivuruge akili. Kaukweli kapo humo: tairi lililohifadhiwa gizani, pakavu na penye ubaridi, huchelewa kuchoka. Lakini nani amewahi kuingia ghala la bati Dar mwezi wa pili akakuta ubaridi? Mpira unakauka kwa joto na hewa hata ukiwa umelala. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanashauri tairi libadilishwe likifika miaka 6 hata kama kashata, yale meno yanayoshika barabara, bado ndefu, na Michelin na Continental wanataja miaka 10 tangu kutengenezwa kuwa mwisho wa mwisho. Mimi nilitoa bei ya tairi la mwaka jana nikapewa la miaka sita. Sikurudishiwa kitu.

Zamani tulikuwa na General Tyre ya Arusha, tairi linatengenezwa hapa hapa nchini. Siku hizi kila tairi limevuka bahari, kutoka China, India, Thailand au Japani, likakaa kwenye kontena, bandarini, ghalani, kisha dukani. Ndiyo maana nasoma tarehe kabla ya kusoma jina la kampuni.

Sasa hoja ya mume wangu. Anasema ukinunua na kufunga mahali pamoja, likitokea la kutokea unajua pa kushika. Ukitenganisha, muuzaji atasema fundi amelichana mdomo, pale linaposhika rimu, fundi atasema tairi lilikuja bovu, na wewe unabaki katikati na risiti yako. Ana haki kabisa, na hasara hiyo nimeamua kuibeba. Kwa sababu anayefunga alichouza hana sababu ya kukigeuza akakitazama upande wa pili, wakati yule asiyeuza hapati wala hapotezi kitu akikwambia ukweli. Fundi wangu wa sasa alishanirudisha Gerezani na tairi kwenye buti kwa sababu ya kamkunjo kadogo kwenye mdomo. Mimi sikukaona. Muuzaji alilibadilisha huku akinung'unika, lakini alilibadilisha, maana tairi lilikuwa halijavishwa rimu. Likishavishwa, hapo ni mjadala mwingine.

Wa mtumba nao wana hesabu zao na siwezi kuwasema. Mwezi mwingine ni ada ya shule au matairi. Ila jirani yangu aliletewa jozi ya "Mjapani original", laini ukilibonyeza, kashata ndefu. Ubavuni limeandikwa STUDLESS. Hilo ni tairi la theluji. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali, kwa hiyo kwenye lami yetu ya moto linalika kama kifutio. Kisha kuna vipara vilivyochongwa kashata upya kwa kisu na kupakwa weusi. Hivyo navitambua kwa vidaraja vidogo vilivyo chini ya mifereji, vyenye kimo cha milimita 1.6, ambavyo mahali pake huonyeshwa na herufi TWI begani. Kisu kikipita, vidaraja vimekatika. Ukikuta mfereji mrefu usio na kidaraja popote, shukuru, rudisha, ondoka.

Kwa fundi sikai tena ndani. Nachukua kigoda, nakaa pale pale. Anatumia mashine, hatumii mitaimbo inayochubua rimu na kuchana mdomo. Kila tairi jipya linapata valvu mpya, kitu cha bei ndogo ambacho wengi wanakiacha kile cha zamani mpaka kianze kuvujisha upepo baada ya miezi miwili. Balansi lazima, alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, nafanya siku hiyo hiyo, kwingine, kwa sababu yeye hana mtambo wake. Tarehe zote nne zinatazama nje. Hilo nalisema kabla hajashika spana, na anacheka kila mara.

Tunachobishana ni upepo. Kijana wake anapenda kujaza psi 40, "gari liwe jepesi, mama." Stika ya Kijapani kwenye nguzo ya mlango wangu inasema 220 kPa, yaani psi 32. Namba kubwa ya upepo iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi ni kiwango cha mwisho ambacho tairi linavumilia, si agizo la kujaza. Ubishi wa pili ni pale ninapokuwa na pesa ya matairi mawili tu. Kijana anayataka mbele, kwa kuwa IST inavuta kwa mbele. Mimi nayataka nyuma: ya mbele yakiteleza kwenye maji unahisi kwenye usukani na unapunguza mwendo, ya nyuma yakiteleza gari limeshageuka kutazama ulikotoka. Bosi wake yuko upande wangu, nashukuru.

Wiki iliyopita, baada ya kusoma swali lenu, nikafungua buti nikainua zulia. Tairi la spea, lile jembamba, liko pale pale lilipowekwa, halijawahi kugusa barabara, kashata zake kama siku ya kwanza. Nikalipangusa vumbi nikatafuta kijisanduku. 4703. Limekuja na gari kutoka Japani, na tangu wakati huo mimi nimekuwa nikienda nalo Tanga na Morogoro nikijua nina spea. Mume wangu kasema tulinunulie mwenzake na kulifungia hapo hapo dukani, angalau hilo moja. Bado tunazungumza.